Leonidasi, Pori Lile Lilikuwa na Mlango

Ni mwaka mmoja sasa tangu homa ikuondoe kwetu, Leonidasi Ndihokubwayo, mwezi wa Mei, maharage ya jirani yetu Esteri yakiwa bado hayajakauka shambani. Tunakuandikia mbele ya watu kwa sababu jambo lililokuumiza lilitokea mbele ya watu, na bibi yako Immakulata hataki limalizwe kwa kunong'ona.

Bibi yako ndiye aliyekulea hapa Kitahana baada ya mama yako kufariki. Anakumbuka ulivyokuwa ukikunja jani la mgomba kama bomba na kuchungulia vilima, ukimwita aje naye aone. Akichungulia anaona vilima vilevile. Wewe ulikuwa ukisema, "Sasa vimekaa peke yao, bibi. Hakuna kingine cha kuvisumbua." Alidhani ni mchezo wa watoto, utaisha. Haukuisha.

Ulisoma Tabora, ukapata kazi kwenye gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini kuonyesha filamu za kilimo cha pamba na za kuchemsha maji ya kunywa. Ulikuwa unafunga shuka, unawasha jenereta, unawaambia watu wasikae mbele ya taa. Shuka ile ulikuwa ukiifua mwenyewe kila mlikolala, na bibi yako aliposema hiyo ni kazi ya kumpa mtu mwingine, ulimjibu kwamba doa kwenye shuka linakuwa doa kwenye uso wa mtu.

Mzungu mmoja mpima miamba alipokuwa anarudi kwao alikuachia kamera yake kuukuu, ile inayokazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukaacha kazi. Watu walisema umerogwa. Hukuwa na kampuni wala mfadhili, wala hukuwa na chombo cha kunasa sauti, kwa hiyo filamu zako zilikuwa bubu, na zilipoonyeshwa ulisimama kando ya shuka ukazisemea kwa mdomo wako. Ya kwanza ilikuwa ya warina asali katika misitu ya miombo upande wa Kakonko. Ya pili ilikuwa ya mwanamke anayengoja mtumbwi kwenye mafunjo ya Malagarasi, na mtumbwi haufiki. Bibi yako aliilia ile ya pili, ingawa alimfahamu mwanamke yule na alijua jioni alirudi kwake akapika ugali.

Ulisema watu wa mjini hujenga nyumba za mbao na karatasi ili wazipige picha, na kwamba wewe umejengewa tayari, bila fundi. Ulilingoja pori kama mtu anavyomngoja mkwe. Fundi cherehani Athuman, mtu wa Ujiji, ndiye uliyemfanya mchezaji wako kwa sababu ana shingo ndefu na hacheki ovyo. Bibi yako aliwaletea viazi siku moja akawakuta mnabishana.

"Bwana Leo, mimi fundi wa nguo, si mbuzi," Athuman alikuwa akisema. "Kilima hiki nimekipanda tangu asubuhi."

"Panda tena. Kivuli cha wingu hakijafika."

"Na kikifika?"

"Kikifika utakuwa umeshachoka vizuri, utatembea kama ninavyotaka."

Athuman alitukana taratibu kwa Kimanyema, akapanda. Lakini bibi yako aliona pia kwamba kivuli pekee kilichokuwapo ulikuwa umempa yeye apumzikie, wewe ukakaa juani na kamera yako umeifunika kwa shati lako mwenyewe. Na viazi vilipofika ulimmenyea yeye kwanza.

Filamu ya tatu uliiita *Pori Lisilo na Mlango*. Ilikuwa ya mtu aliyegombana na ndugu zake, akachoka na watu wote, akaondoka kwenda kutafuta mahali ambapo hatamsalimia mtu wala kusalimiwa. Ulitafuta mahali hapo kiangazi kizima cha mwaka sabini na sita. Ukarudi nyumbani una vumbi hadi kwenye kope, ukasema, "Bibi, nimepapata, kilimani ng'ambo ya Murungu. Nyasi zinamfika mtu kifuani, kuna migomba iliyoota yenyewe, na miti miwili mikubwa ya mivumu imesimama sambamba. Mungu mwenyewe amepanda."

Bibi yako alifurahi kwa kuwa ulifurahi. Kilima kile hakukijua. Sisi hatukuwa na ndugu huko, na watu wa vilima vyote walikuwa wameshahamia vijijini miaka michache kabla, wamepanga nyumba zao kandokando ya barabara. Nyasi hazingoji. Ukiondoka leo, masika mbili tu hujui palipokuwa na jiko.

Mwezi wa Februari uliileta filamu Kibondo. Bwana Abdulrahmani, mwenye duka, alikupa ghala lake bure, akaziba madirisha kwa magunia ili mchana uwe giza, akawapangia akina mama mabenchi mbele. Wema wake huo hatujausahau. Bibi yako alivaa kitenge chake cha Krismasi. Alimpitia jirani yetu Esteri, mjane wa Nsabimana, aliyehamia kijijini kwetu pamoja na wengine, akamshika mkono akamwambia, "Twende ukaone kazi ya mjukuu wangu." Wakaketi pamoja, benchi la kwanza, magoti yakigusana.

Ulianza kusema. Sauti yako ilikuwa nzuri siku ile. Mtu akatembea, akavuka kijito, akapanda. Watu waliguna walipoona kivuli cha wingu kikimfuata Athuman mgongoni hadi kikampita. Kisha ikatokea mivumu miwili, imejaa shuka nzima, na wewe ukasema, "Hapa mguu wa binadamu haujafika tangu dunia iumbwe."

Athuman akapita katikati ya mivumu ile, mikono mfukoni.

Nyuma yetu mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona habishi?"

Wasomaji wa mbali wasiotujua sisi Waha inafaa waelezwe. Kwetu mtu hafiki kwenye lango la watu akaingia kama mbuzi. Anasimama, anainama kidogo, anapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, polepole, hadi aitikiwe. Na lango letu la zamani halikuwa la ubao. Lilikuwa mivumu miwili iliyopandwa sambamba, mume anapanda mmoja na mke mmoja, siku wanayoanza maisha.

Bibi yako alisikia makofi hayo karibu sana na sikio lake. Alikuwa Esteri. Alikuwa ameinama kwenye benchi, macho yake kwenye shuka, anapiga viganja polepole. Alikuwa anabisha kwa niaba ya mgeni wako, kwenye lango lake mwenyewe, ili usionekane umeingia kama mwizi. Wanawake wengine wakamsaidia, kisha wanaume wa nyuma, hadi ghala lote likawa linabisha.

Bwana Abdulrahmani, ambaye wazee wake ni wa pwani, alikukaribia akakupiga bega. "Hongera, Leonidasi. Sijawahi kuona watu hawa wakishangilia hivi, hata kwenye harusi ya binti yangu Tunu."

Wewe ulikuwa Muha. Makofi yale uliyajua tangu uko mgongoni kwa bibi yako. Ulinyamaza, na karatasi uliyokuwa ukisoma ikashuka mkononi.

Lakini mashine haikunyamaza. Ulitufundisha mwenyewe kwamba mkanda ukisimamishwa mbele ya taa unaungua. Kwa hiyo Athuman aliendelea. Alichuma ndizi, akaenda hadi kwenye kituta kidogo kilichozungushiwa mawe, akakaa juu yake, akamenya, akala, akatupa ganda. Akatandaza mikono kama mtu aliyefika kwake. Makofi yalikuwa yamekwisha. Ulisikika mlio wa mashine tu.

Esteri hakusimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba apishwe kisimani, "Mwambieni mgeni asogee. Amemkalia mume wangu."

Ulivua kofia yako ukaiweka mbele ya taa. Shuka ikawa nyeusi. Mkanda ukaendelea kuzunguka ndani ya mashine hadi ukaisha, na hakuna mtu aliyetoka.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Esteri alitembea pamoja na bibi yako, akambebea kikapu chake kama alivyozoea, kwa sababu bibi yako ana bega bovu. Angetutukana, aibu ingekuwa nyepesi. Tulipofika alikirudisha kikapu, akasema, "Mlale salama," akaingia kwake.

Asubuhi ulikwenda mlangoni kwa Esteri ukapiga makofi. Mlango ulikuwa wazi, moshi unatoka, yeye yumo ndani anapepeta. Hakuitikia. Salamu isiyoitikiwa, mtu hawezi kuivuka. Ulisimama hadi jua likakupiga usoni, ukarudi. Kesho yake ukaenda tena. Ikawa kila asubuhi, na kijiji kizima kikawa kinakuangalia ukienda na kikikuangalia ukirudi.

Kisimani walimtania bibi yako. "Bibi wa sinema, leo mjukuu wako anamkalia nani?" Alijaza mtungi wake kwa kata moja moja, akaondoka. Hakuwakasirikia. Kati ya hao waliocheka wamo waliohama vilima hivyohivyo, na huenda walicheka kwa kuwa makaburi yao nayo yapo kwenye nyasi.

Athuman naye alikuja kutoka mjini, ameshona gauni la bluu kwa mikono yake. Alipiga makofi mlangoni kwa Esteri vibaya, haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku.

"Mama," alisema, "niliambiwa kaa, nikakaa. Lakini makalio ni yangu, siwezi kusema ni ya mwingine. Naomba radhi."

Esteri alitaka kucheka, tulimwona. Akamkaribisha, akampa uji. Wewe ulikuwa umesimama palepale, na wewe hakukukaribisha. Lakini siku hiyo ndiyo alizungumza nawe kwa mara ya kwanza, kutokea ndani.

"Huyu wa Ujiji hakujua. Wewe, mwana wa Immakulata, una jicho. Umesifiwa kwa jicho. Mti wa porini hausimami kwenye mstari. Ulitazama miti yangu miwili siku nzima unangoja wingu, hukujiuliza nani aliipanda?"

Ulisema, "Sikujiuliza, mama."

Bibi yako alikuwa uani kwake, alisikia, na anataka watu wajue kwamba hukujitetea. Ungeweza kusema kwamba nyumba ilikuwa imeshabomolewa, kwamba hukuwapo wakati watu wanahama, kwamba hakuna aliyekuambia. Yote yalikuwa kweli. Ulibeba neno lake ukaenda nalo nyumbani, na usiku huo hukula.

Tangu hapo hukupiga picha tena ya pori. Ulikaa uani unatazama vilima bila jani wala kamera. "Bibi," ulimwambia siku moja, "nimekuwa nikiwaambia watu hapa hapana mtu. Sasa sijui nilipita juu ya nani wengine." Bibi yako alikusogezea kahawa.

Wenzako wa Dar es Salaam walituma neno kwamba wamesikia habari za filamu yako, wanataka kuionyesha kwa wageni kutoka nchi nyingi. Ni jambo ulilolitamani tangu uko kwenye gari la sinema. Aliyeleta neno hilo aliuliza, "Niwaambie inakuja lini?"

"Haijaisha," ulimwambia. "Kuna mtu hajabisha."

Ulikuwa umebakiwa na kipande cha mkanda usiopigwa, umekihifadhi ndani ya mkebe, mkebe ndani ya mtungi wa bibi yako ili usipate joto. Ukaenda kwa Esteri, ukapiga makofi, na bila kungoja aitikie ukamwambia shida yako kutokea nje. Kwamba Athuman apande tena, afike kwenye mivumu, asimame, abishe. Na kwamba mwenye nyumba atoke amwitikie.

"Nitoke wapi?" Esteri aliuliza. "Nyumba haipo."

"Utoke kwenye nyasi, mama. Pale mlango ulipokuwa. Utanionyesha."

Aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Mwisho akasema, "Nivune maharage kwanza."

Ulirudi unakimbia, mtu mzima wewe. Ulikula sahani mbili. Bibi yako alidhani umefurahi kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika siku hiyo.

Maharage hayaharakishwi. Ukasema utatumia muda huo kusafisha kaburi la Nsabimana, asije mkewe akalikuta kama ulivyolikuta wewe. Ulikwenda kilimani na panga, ukafyeka, ukayapanga mawe upya, ukafukua ganda la ndizi lililokuwa limeshakuwa udongo. Masika ilikuwa bado inanyesha na ulilala hukohuko bondeni, mbu ni wengi. Ulirudi unatetemeka. Bibi yako alikufunika blanketi zote za nyumba na gauni lake juu. Bwana Abdulrahmani alitoa lori lake kukupeleka hospitali Kasulu, Athuman akakupakata kichwa njia nzima. Hukurudi nalo.

Esteri alivuna maharage yake juma lililofuata mazishi. Debe la kwanza alilileta kwa bibi yako, akalitua mlangoni, akakaa hapo nje chini hadi jioni.

Mwaka huu wote filamu yako ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha bibi yako. Watu wa Dar walituma tena neno, na bibi yako alikataa. Aliona haya. Akifikiria watu wa nchi nyingi wakimtazama Nsabimana akikaliwa, na sauti ya mjukuu wake haipo tena ya kuomba radhi, alikuwa anafunika uso hata akiwa peke yake. Alisali kwamba panya waile.

Wiki iliyopita Esteri alikuja. Alipiga makofi, akaitikiwa, akaingia, akakaa kitandani moja kwa moja, juu ya sanduku lile.

"Mwenzangu, kitu hiki kitaoza."

"Bora kioze," bibi yako alisema. "Kinakudharau."

"Kinanidharau, ndiyo. Lakini mvumu wa mume wangu umekatwa kwa mkaa, nimekwenda nimeona. Wangu umebaki peke yake. Migomba imekwisha. Mahali pale pamebaki ndani ya sanduku hili tu." Akaligonga kwa kisigino. "Mtoto wako alipatazama vibaya, lakini alipatazama. Nani mwingine alipatazama? Nataka wajukuu zangu waone lango langu."

Bibi yako alisema, "Na yule anayeingia bila kubisha?"

"Siku ile nilibisha mimi kwa niaba yake. Watu watabisha tena. Filamu yenyewe si bubu? Ina nafasi."

Wakaenda pamoja kaburini kwako, jana asubuhi, umande haujakauka. Esteri alisimama mbali kidogo, pale ambapo lango lingekuwa kama ungekuwa na lango. Aliinama, akapiga viganja, polepole.

"Mwakeye, Leonidasi," alisema, salamu yetu ya asubuhi. "Maharage nimevuna. Ningeyaacha yaozee shambani kama ningejua. Nimekuja twende."

Akaendelea kupiga makofi, anangoja, kwa kuwa mtu hawezi kuondoka kabla hajaitikiwa. Bibi yako aliona itakuwa aibu ya pili kumwacha mgeni amesimama. Akaitikia kwa niaba yako. Akasema, "Mwakeye, mama. Karibu, pita."

Esteri akapita, akakaa chini kando yako, si juu yako, akang'oa majani mawili matatu.

Basi filamu inakwenda Dar es Salaam kwa lori la Bwana Abdulrahmani. Kipande kile cha mkanda kilichobaki hatujui kukitumia, tumekizika pamoja na mkebe wake karibu nawe. Tunaomba jambo moja kwa yeyote atakayeketi kuitazama, awe wa hapa au wa ng'ambo. Mtu yule akifika kwenye miti miwili, msimwache aingie peke yake. Kunjeni viganja mpige makofi, polepole, hadi awe amepita. Mwenye lango ameruhusu. Na akifika kwenye mawe, tafadhali, nyamazeni.

Unakumbukwa na bibi yako Immakulata, dada yako Rosa na mumewe Reverien, wajomba zako wote wa Kitahana na Kakonko, ndugu yako wa kazi Athuman, Bwana Abdulrahmani na nyumba yake, na Mama Esteri wa Nsabimana, aliyetuomba jina lake liandikwe pamoja na la familia.

Daima tutakukumbuka, Leonidasi. Na popote tutakapoona miti miwili imesimama sambamba kwenye nyasi, tutasimama, tutabisha.